Vifungo Vinne vya Joho la Baba

Alhamisi, 8 Septemba

Nimeaibishwa. Tena ndani ya sakristia, mbele ya picha za mapadri wote waliokufa.

Leo ilikuwa siku ya kujaribu majoho. Wabebaji wanane wa sanamu ya mtakatifu wetu San Gaudenzio tulipanga mstari, miguuni soksi tupu. Mimi ni wa pili kushoto, kama alivyokuwa marehemu baba. Joho la wa pili kushoto lilishonwa mwaka 1958 kwa kipimo chake yeye, na sheria ya Chama cha Wabebaji inajulikana na kila mtu hapa mjini: joho ni la nafasi, si la mtu. Halipanuliwi, halipunguzwi. Asiyeenea humo anampisha mwingine.

Lina vifungo kumi na vitatu. Vya kifuani vilifunga vizuri kabisa, nikaanza kujipongeza moyoni. Ndipo Bi Palmira, mtunza majoho, mwenye miaka themanini na mmoja, akafika tumboni. Akavuta. Akaniambia nitoe pumzi. Nikatoa. Akaniambia nitoe na ile niliyoificha. Akapiga goti sakafuni ili apate nguvu ya kuvuta zaidi. Mwishowe akainuka, akamgeukia Mkuu wetu Egidio, akasema kwa sauti ya kusomea matangazo ya misa:

"Vinne vimegoma."

Vinne! Mwaka jana kilikuwa kimoja, nikakisingizia unyevu.

Egidio huuza misumari na rangi mwaka mzima, lakini ikifika Septemba hujiona askofu. Alivua miwani. Akasema kwa huzuni kwamba ananipa hadi Jumamosi ya tarehe 17, siku moja kabla ya sikukuu. Joho lisipofunga, nafasi inakwenda kwa shemeji yangu Learco. Huyo Learco, kaka wa mke wangu, alikuwa kasimama mlangoni, eti anapita tu, kavaa zile nguo zake za baiskeli zinazobana mpaka unaweza kumhesabu mbavu. Ana miaka hamsini na sita na tumbo bapa kama sinia. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, nafasi yangu atanitunzia. Nikamjibu kwa adabu kwamba nafasi si paka.

Nimembeba San Gaudenzio miaka kumi na tisa. Baba alimbeba thelathini na mmoja. Learco hatambeba hata dakika moja.

Delfina sijamwambia. Mke wangu ana heshima yake mjini, kwa nini nimtie haya bure? Mchana tulikula madonge ya viazi kwa mchuzi wa bata, kwa kuwa ni Alhamisi, na Alhamisi huliwa madonge hata nchi ikiwa vitani. Nilikula sahani mbili ili asishuku kitu.

Ijumaa, 9 Septemba

Mpango wa kwanza: mbio. Wanaume wenzangu wa televisheni hukimbia kila asubuhi na hawana vitambi. Jambo rahisi.

Nilifanya kazi posta miaka thelathini na minne, nikagawa barua kwa pikipiki. Barabara zote za hapa nazijua kwa majina, ila sikuwahi kujuana nazo kwa miguu. Ni ndefu. Tena zimeinuka.

Nilitoka saa moja asubuhi. Mlango wa kwanza, mke wa mwokaji mikate alitoka na unga mikononi akaniuliza nani amekufa. Hapa kwetu mtu mzima hukimbia kwa sababu mbili, daktari au padri. Nikamwambia hakuna aliyekufa, nakimbia tu. Hakuniamini. Alinivuta ndani, akaniketisha, akanipa kahawa, akasubiri nipate moyo wa kusema. Mlango wa pili mambo yalikuwa yaleyale, kahawa ya pili. Nilipofika kwenye chemchemi nilikuwa na watu watano nyuma yangu wanaonong'ona, wakitaka kujua naelekea nyumba gani ili wavae nguo za heshima. Kwenye nyumba ya tatu waliniona nimepauka, wakanipakia mkate ciauscolo, ile soseji yetu laini, unene wa kidole. Ningekataaje? Mkate ulikuwa umeshakatwa.

Jumla ya mbio za leo: mita mia nne. Kahawa tatu. Mkate vipande viwili, tuseme vitatu. Learco alinipita kwa baiskeli mara mbili, na mara zote mbili alipiga kengele.

Jumamosi, 10 Septemba

Mpango wa pili: kukataa chakula. Kwa upole, kiungwana.

Delfina alikuwa amesukuma tambi tangu asubuhi, zile pana, kwa ule mti wake wa kusukumia ulio mrefu kama mguu wangu. Nikamwambia kwamba leo, mpenzi wangu, naomba majani tu ya saladi.

Aliweka uma mezani. Akauliza mchuzi una nini. Nikasema hauna kitu. Akauliza kama hauna kitu, yaani hauna ladha. Nikasema ladha ipo. Akauliza kama labda mama yangu alikuwa akiupika vizuri zaidi. (Mama amefariki miaka kumi na mmoja sasa, na alichemsha kila kitu, hata vilivyokuwa haviombi kuchemshwa.) Kisha akakunja kitambaa cha mkononi mara nne, akauliza kama kuna mahali pengine ninapokula.

Kwa sauti ile! Miaka thelathini na mitatu ya ndoa, sijawahi kuisikia.

Nililamba sahani. Nikaomba nyingine ili kuondoa shaka, na kipande cha mkate cha kufutia sahani. Amani ikarudi nyumbani. Nililala mchana kwa muda wa saa mbili, usingizi mtamu sana.

Jumapili, 11 Septemba

Nimepata! Sijui kwa nini akili hii niliiacha posta miaka yote ile.

Katika nyumba hii kuna sababu moja tu inayomtoa mtu mezani bila ugomvi, nayo ni tumbo. Mwenye homa atalishwa. Mwenye maombolezo atalishwa mara mbili. Lakini mwenye tumbo bovu hupewa wali mweupe wa kuchemsha, kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni, na hakuna anayemlaumu.

Baada ya misa nikashika ubavu. Nikaguna kidogo, si sana. Delfina akanitazama. Alinitazama muda mrefu, akanigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, akatazama suruali yangu pale mkanda unapofungwa, kisha akasema pole, mume wangu, tumbo si jambo la mchezo. Akaenda kuchemsha wali. Hata sikulazimika kuguna mara ya pili.

Learco alikuja kula, kama Jumapili zote. Kulikuwa na supu ya tambi ndogo zilizojazwa nyama, halafu sungura aliyejazwa shamari na vitunguu saumu, halafu viazi vya tanuri. Mimi wali. Nilidhani Delfina angemweka sungura mbali nami, kwa huruma tu. Alimweka mbele yangu kabisa, akasema harufu humtia mgonjwa nguvu. Learco aliomba fungu langu ili lisiharibike. Alilila lote, akafuta sahani kwa mkate, akaniambia ugonjwa ni mtihani wa Mungu.

Nimevumilia. Baba angenielewa.

Jumatatu, 12 Septemba

Wali.

Nimejipima tumbo kwa kamba ya viatu, nikiwa nimejifungia bafuni. Imepungua upana wa kidole kimoja! Kwa siku moja! Learco anaweza kuanza kutafuta mtakatifu mwingine.

Delfina anasema tumbo la ugonjwa lazima litembezwe. Basi jioni saa kumi na mbili tukaenda barabara kuu, mkono kwa mkono. Mji mzima hutembea pale kila jioni, toka lango la mji hadi kanisani na kurudi. Mimi huwaangalia nikiwa baa, karata mkononi. Sikuwahi kuona maana ya kwenda mahali ambapo dakika kumi baadaye unarudi ulikotoka.

Tulizunguka mara sita. Nimegundua mambo. Delfina hutembea haraka kuliko pikipiki yangu ya posta. Anajua habari ya kila dirisha, nani kanuniana na nani na kwa sababu ya mbuzi gani. Karibu na kisima alinisimulia kisa cha mapazia ya mke wa Egidio, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Tena alikuwa amevaa hereni zake za bluu. Nilimuuliza alizinunua lini, akasema nilimnunulia mimi.

Ilikuwa jioni nzuri. Naiandika kama ilivyokuwa, ingawa haihusiani na mpango.

Jumanne, 13 Septemba

Wali. Halafu balaa.

Habari zimevuja. Nadhani ni duka la dawa, Delfina alipokwenda kununua chamomile, yale maua makavu ya chai ya tumbo. Hadi saa nne asubuhi mlangoni kulikuwa na sufuria tatu za supu ya kuku na picha moja ya mtakatifu wa matumbo. Saa tano akaja Egidio mwenyewe, kavaa koti. Alikaa kando ya kitanda changu kama anavyokaa mtu aliyekuja kuaga, akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika miaka kumi na tisa.

"Nazzareno, ndugu yangu, machela ya mtakatifu ina kilo mia sita. Mpando wa kisimani unaujua. Mtu asiyekula siwezi kumweka chini ya boriti. Nitakuwa nakuua kwa mikono yangu."

Nikaruka kitandani. Nikaapa kwamba mimi ni mzima kabisa, ni wasiwasi wa watu tu. Akatikisa kichwa. Akasema vifungo ni jambo moja, lakini uhai ni jambo lingine, na Learco yupo tayari.

"Nitakuamini siku nitakapokuona unakula," akasema. "Keshokutwa ndiyo karamu ya Wabebaji. Nitakuketisha mbele yangu."

Hebu nipange mambo. Nisipokula Alhamisi, mimi ni mgonjwa, nafasi ni ya Learco. Nikila Alhamisi, joho halifungi Jumamosi, nafasi ni ya Learco. Shetani mwenyewe asingeutega mtego huu vizuri zaidi, na mimi niliutega peke yangu.

Jioni tulizunguka mara nane. Delfina aliongeza mbili bila kuuliza, tena kwa kupitia ngazi za nyuma ya kanisa, ambazo ni themanini na nne. Anasema hewa ya huko ni safi.

Jumatano, 14 Septemba

Wali, lakini kwa furaha. Nina mpango mpya, na huu hauna tundu.

Koti langu la posta! Lina mifuko miwili ya ndani, mipana, ya vifurushi. Nimeitandika mifuko ya nailoni ya sokoni. Kesho kwenye karamu mdomo utatafuna hewa, mkono utashuka, Egidio ataona sahani tupu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo kwa wali wa mchana. Wali si chakula cha mfukoni. Delfina aliingia akanikuta nimevaa koti la kazi, kijiko mkononi, punje hadi kwenye viatu. Nikamwambia nilikuwa naikumbuka kazi. Akasema sawa, nikimaliza kuikumbuka nifagie.

Jioni mizunguko kumi. Ngazi mara tatu. Kamba imepungua vidole viwili na nusu! Miguu inauma ila si vibaya. Delfina alinunua kipande cha jibini njiani, akanipa kidogo kwa siri, kwa mgonjwa kama mimi eti hakidhuru. Nilikila taratibu mpaka nyumbani. Sikujua jibini lina mambo mengi namna hiyo ndani yake.

Alhamisi, 15 Septemba

Naandika nimelala chali. Kukaa siwezi.

Karamu ilikuwa ukumbi wa parokia, saa saba mchana. Wake za Wabebaji jikoni, sisi mezani, Egidio mbele yangu, miwani imefutwa. Learco mwisho wa meza kama akiba. Zikaja zeituni, zile kubwa, zimejazwa nyama na kukaangwa. Ya kwanza ikaenda mfukoni. Ya pili mfukoni. Egidio hakuona kitu! Ya tatu ilikuwa ya moto mno. Iliniunguza vidole, nikaitia mdomoni kuokoa mkono.

Mpango uliishia hapo. Siku nne za wali, halafu zeituni ile. Machozi yalinitoka, sisemi uongo. Egidio aliyaona, akaguswa, akanisogezea sinia zima. Kisha wakaleta vincisgrassi, tabaka kumi na mbili za tambi, maini ya kuku na mchuzi, juu pamekauka na kuwa kahawia pale pembeni. Niliomba pembe. Nikapewa pembe. Kulikuwa na pembe nne na mbili nilikula mimi. Halafu mwanakondoo. Halafu keki ya bizari tamu ya kuchovya kwenye mvinyo. Egidio akasimama na bilauri, akatangaza kwamba Nazzareno ni mzima kuliko yeye mwenyewe, na wote wakapiga meza kwa viganja.

Lakini jambo la leo ni Learco. Walipotaka kumwongezea, aliifunika sahani kwa mkono. Akasema inatosha, Jumamosi asubuhi ana mashindano ya baiskeli, anaangalia uzito.

Watu waligeuza vichwa. Wanawake walitoka jikoni kuja kutazama. Mmoja akamuuliza taratibu hali hii imeanza lini. Learco akasema hajambo, hajawahi kuwa mzima namna hii. Wakatazamana, kama watu wanaomtazama mtu ambaye bado hajaambiwa. Egidio akamuuliza kama ameshamwona daktari.

Learco akakasirika. Akasema kwa sauti kwamba mtakatifu habebwi kwa kutafuna, vifungo ndivyo vitakavyoamua Jumamosi. Nami, kwa nguvu ya mvinyo, nikasimama. Nikasema kama vifungo vyangu vitahesabiwa mara ya pili, basi na vya wote wanane vihesabiwe mara ya pili, mimi si mbuzi wa mnadani. Jambo hilo halijawahi kufanyika. Majoho hujaribiwa mara moja, kabla ya karamu, na baada ya hapo hakuna anayeuliza. Lakini Egidio alikuwa na keki mdomoni na furaha moyoni, akasema haki ni haki. Wakainua mikono wote.

Kwa nini nilisema vile? Kwa uchungu tu. Hainisaidii chochote.

Ijumaa, 16 Septemba

Kamba imerudisha karibu upana wote niliokuwa nimeupunguza. Nimebaki na upana wa kidole kimoja. Niliipima mara tatu, na mara moja kwa jicho moja.

Nilikwenda kwa Bi Palmira na chupa ya asali. Nikamwomba, kwa ajili ya kumbukumbu ya marehemu, avisogeze vifungo vinne upana wa vidole vitatu, nani atajua? Alipokea asali. Akaionja kwa kijiko, akaitia kabatini, akafunga kabati.

"Baba yako aliniletea jibini," akasema. "Kila Septemba. Jibini nilikula, vifungo nikaviacha palepale."

Baba! Yule aliyekuwa akitembea kanyooka kama mshumaa, aliyenifundisha kwamba joho humjua mtu mwadilifu! Nilitoka pale nikasimama barabarani nikicheka peke yangu. Miaka kumi na tisa nimejiona mdogo ndani ya joho lile hata linaponibana. Nilimpenda baba leo kuliko siku zote alizokuwa hai, nikasahau kabisa kwamba nimekwisha.

Nilimwambia Delfina tumbo limepona. Akasema tumbo likipona ndipo linapohitaji kuangaliwa. Mizunguko kumi na miwili, ngazi mara nne. Chakula cha jioni mkate, nyanya, mafuta, chumvi. Kilitosha. Nilishangaa kwamba kilitosha.

Jumamosi, 17 Septemba

Kabla sijatoka Delfina alininyoosha kola, akanipigapiga tumbo mara mbili, akasema nisiogope, ni viwili tu. Sikumwelewa. Alikuwa na viazi motoni, hapo husema lolote.

Sakristia. Wanane, soksi. Learco pembeni, anatoa jasho la mashindano, ambako alimaliza wa tisa.

Bi Palmira alianza upande wa kulia. Wa kwanza kulia, vitatu vimegoma. Mtu ambaye wiki iliyopita alifunga vyote! Wa pili kulia, vitatu. Wa tatu, vinne. Alitangaza kila mmoja kwa sauti ileile, na kila tangazo uso wa Egidio uliongezeka wekundu, kwa kuwa yeye ni wa nne kulia na zamu yake ilikuwa inakuja. Ikaja. Bi Palmira alipiga goti. Akapiga na la pili. Akapumzika kidogo. Vitano!

Wakahamia kushoto. Nikafumba macho. Nikasikia vifungo vikiingia kimoja kimoja, nikasikia magoti ya bibi yule yakilia, nikamsikia akisema "Viwili."

Viwili tu! Nilifumbua macho. Mstari ulipokwisha, hakuna aliyekuwa na vichache kuliko vyangu, kushoto wala kulia. Learco akavalishwa joho la akiba, vifungo vyote kumi na vitatu vikafunga na nafasi ikabaki ya kuingiza mkono. Hakuna aliyempongeza. Watu walitazama ile nafasi kwa masikitiko.

Egidio alikaa kwenye benchi, tumbo mbele. Akafuta miwani. Akaomba kitabu cha sheria, akakisoma kimya, akarudia kukisoma. Halafu akatoa hukumu. Kitabu kinakataza joho kupanuliwa. Hakuna mahali kinapotaka lifungwe hadi chini. Huko chini kuna kamba ya kiunoni, na juu ya kamba kuna kishali, na San Gaudenzio hutazama mbele. Mtu mmoja akasema amina. Kuhusu Learco, mtu anayekataa nyongeza katika wiki ya sikukuu hana afya, na Chama hakiwezi kubeba dhamana hiyo. Atabeba mshumaa. Ule mdogo.

Niliomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kwamba vyangu vilikuwa viwili. Imeandikwa.

Jumapili, 18 Septemba

Tumembeba!

Mpando wa kisimani hunimaliza kila mwaka. Mwaka jana niliona nyota mchana. Leo nilipanda nikiimba. Wenzangu wanatweta kama ng'ombe wa kulima, mimi nina pumzi ya kuimba na ya akiba. Ni wali, hakuna jingine. Wali husafisha mapafu. Nitawaambia wenzangu, au nisiwaambie.

Delfina alisimama kwenye kona ambapo huwa tunageukia jioni, kavaa hereni za bluu. Alinitazama nikipita chini ya boriti. Nilijisikia furaha mpaka kooni. Joho lilikuwa wazi chini ya kishali, upepo ukiingia, na naamini baba aliupata upepo huohuo.

Learco alitembea na mshumaa wake. Wanawake walikuwa wakitoka kwenye msafara kumpa vipande vya keki vilivyofungwa kwenye vitambaa. Alipokataa walilia kidogo, basi akaanza kupokea. Kwenye ngazi za kanisa Bi Palmira alimshika kiwiko akamsaidia kupanda.

Jumatatu, 19 Septemba

Egidio amekuja asubuhi. Wa kwanza kushoto, mzee wetu wa siku nyingi, magoti yamemshinda, anaachia nafasi. Nafasi ya mbele kabisa! Yule anayetoka kanisani wa kwanza, anayetupiwa maua usoni! Egidio anasema kwa jinsi nilivyopanda jana, na kwa vile vifungo viwili, Chama kinanitaka mimi.

Nilikubali kabla hajamaliza. Kisha akanifungulia joho lenyewe. Lilishonwa mwaka 1926 kwa mpiga kengele aliyeishi kwa njugu za msituni. Nilidhani ni la mtoto wa altareni.

Haidhuru. Nina mwaka mzima, na sasa nina ujuzi. Makosa ya mwaka huu nimeyaona wazi: nilichagua ugonjwa usiofaa. Tumbo huleta wageni. Mwakani nitaumwa jino. Mwenye jino hutafuna kidogo, hakuna anayemtilia shaka, na Egidio hawezi kulikagua. Nitaanza tarehe mosi Septemba, mapema zaidi siwezi, Agosti kuna karamu nyingi.

Delfina amepika madonge yaliyobaki jana, kayatia tanurini na jibini. Sahani mbili. Sasa anavaa viatu vyake vya kutembelea, anasema leo ni mizunguko kumi na minne. Nimemwambia sikukuu imekwisha, mimi si mgonjwa tena, baa wananingoja kwa karata. Akanisimamia mlangoni na koti langu mkononi, anangoja. Basi nitakwenda, maskini, hapendi kutembea peke yake. Ni mwanamke mwema, na ule mpango wa tumbo hakuugundua hata kidogo.